Siku Nyumba Yetu Ilipozima Uani kwa Mama

Mume wangu alipostaafu ukaguzi wa shule, watu wa Uriri walidhani wanajua atakachofanya. Wakaguzi waliomtangulia walinunua ng'ombe wa gredi, wakagombea udiwani, wakashindwa, wakarudi kwa ng'ombe wao. Yeye alinunua nyumba yenye magurudumu.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mjerumani mmoja aliyekuwa akifundisha useremala katika chuo cha ufundi karibu na Migori alikuwa anarudi kwao, na hakuwa na njia ya kurudi na gari lake. Lilikuwa refu kama basi dogo, jeupe la kuelekea manjano, na ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja, na choo ambacho mume wangu aliwaonyesha wageni kabla hata hawajaketi. Lilitumia dizeli. Pamoja na funguo tulikabidhiwa kitabu cha maelezo kinene kama Biblia ya kanisani, na chote kilikuwa kwa Kijerumani.

Mume wangu hakujua Kijerumani. Alijua kukagua. Alitafuta kamusi, akachonga penseli, na kila jioni kabla ya chakula alikaa kwenye ngazi ya ile nyumba akitafsiri sura ya filta neno kwa neno, uso umekunjamana kana kwamba mwalimu fulani amemletea andalio la somo lenye makosa.

"Nyar Kasipul," aliniita. Ndivyo alivyoniita tangu tuoane, binti wa Kasipul, kwa sababu kwetu ni kule karibu na Oyugis. "Sikiliza. Dizeli haiendi kwenye injini moja kwa moja. Inapita filta ya kwanza, inaacha maji na takataka. Halafu inapita filta ya pili, inaacha vumbi ambalo hata jicho halilioni. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Usielewe upesi hivyo. Mimi mwenyewe imenichukua siku tatu."

Hakuwahi kuniuliza kama najua dizeli. Baba yangu alikuwa na kinu cha kusaga mahindi pale sokoni Oyugis, injini ya dizeli iliyofungwa juu ya saruji, yenye moshi na kelele za kusikika hadi ng'ambo ya mto. Kaka zangu walikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo aliyeamka kumwaga maji ya filta, aliyekaza skrubu, aliyetoa hewa injini ilipogoma huku akina mama wamepanga foleni na debe zao, nilikuwa mimi, tangu nikiwa darasa la tano hadi nilipoolewa. Mume wangu alijua baba ana kinu. Nadhani siku zote aliamini kwamba mimi nilikuwa ninapima unga.

Ningeweza kumwambia. Lakini alikuwa amestaafu juzi tu, hana mwalimu wa kukagua, na alifurahi sana kunifundisha. Nikamwacha.

Basi kila Jumamosi asubuhi tulikuwa na ibada yetu. Filta ya kwanza ilikuwa na kikombe cha kioo chini yake, na maji yaliyojitenga na dizeli yalituama humo. Yeye alisoma kwa sauti, mimi nikalala kwenye gunia chini ya gari, nikalegeza skrubu ya chini ya kikombe, nikakinga maji kwa kopo hadi ikaanza kutoka dizeli safi, nikafunga. Nikitoka, nimeshamaliza, yeye bado yuko kwenye sentensi ya pili.

"Umeshafungua?"

"Nimeshafunga."

"Hapa panasema tusubiri injini ipoe."

"Ilipoa jana, Mwalimu."

Maji yalikuwa mengi kuliko ilivyopasa. Siku zile vituo vya mafuta vya Migori viliweza kukauka wiki nzima, na watu walinunua dizeli kwenye mapipa ya kando ya barabara, iliyovuka mpaka pamoja na sabuni na sukari, na hakuna aliyeuliza mle kwenye pipa mlikuwa na nini kingine. Nilimshauri tuchuje kwa kitambaa kabla ya kuimimina kwenye tangi. Alifungua kitabu, akatafuta, akakifunga.

"Kitambaa hakimo."

Mwezi wa Agosti akatangaza safari. Tungekwenda Homa Bay, tulale kando ya ziwa ndani ya nyumba yetu wenyewe, tuvuke kwa boti hadi kisiwa cha Takawiri, na wakati wa kurudi tupitie kwa mama yangu ili wakweze waone gari. Mama alikuwa mjane tayari, anaishi kwenye boma la baba pamoja na kaka yangu mkubwa na familia yake.

Takawiri hatukufika. Mume wangu hakumpata mtu wa kumwamini alinde nyumba, maana tangu tuliposimama pale Homa Bay watu hawakuondoka. Wachuuzi wa samaki, makarani wa ofisi za wilaya wakati wa chakula cha mchana, wanafunzi, mhubiri mmoja mwenye kipaza sauti, wote walikuja kuuliza maswali. Na mkaguzi wa shule akipata darasa, halali. Siku ya pili, bila sababu yoyote, maana gari lilikuwa halijalalamika, aliamua kubadilisha filta ya kwanza mbele ya umati.

Nikachukua gunia langu. Akanizuia.

"Leo pumzika, Nyar Kasipul. Kaanga samaki."

Nikakaanga samaki. Kwa dirisha la jikoni nilimwona amekunja mikono ya shati, kitabu kimeegemezwa kwenye tairi, akitamka majina ya Kijerumani na umati ukiyarudia. Alifungua filta kuukuu akaiinua juu waione. Wakapiga makofi. Akaifunga mpya kwa mikono miwili, akapanda, akawasha. Ikawaka. Wakapiga makofi tena, na mhubiri akasema amina kwenye kipaza sauti.

Kesho yake tulitoka Homa Bay asubuhi, tukashika barabara ya vumbi kuelekea Oyugis. Kilima cha kwanza gari lilipanda likikohoa. Cha pili likakohoa zaidi, likapoteza nguvu katikati, likapata tena.

"Ni mzigo," mume wangu alisema. "Umenunua samaki wengi mno."

"Samaki sita, Mwalimu?"

"Na zile sufuria."

Nilisikiliza injini. Ilikuwa inakosa pumzi, inakata, inarudi, inakata, jinsi kinu cha baba kilivyofanya hewa ilipoingia kwenye mrija. Nikasema tusimame tuangalie filta. Akajibu kwamba filta ameibadilisha jana mbele ya mashahidi.

Tulifika kwa mama yapata saa nane mchana. Kaka yangu alikuwa amekata ua wa minyaa pande zote mbili za lango ili nyumba ipite. Tukaingia kwa honi. Boma la baba liko kwenye mteremko. Nyumba ya mama iko juu, lango liko chini. Mume wangu alipanda hadi mbele kabisa ya mlango wa mama, akageuza ili pua ya gari itazame lango na watu walione vizuri ubavuni, na hapo, kabla hajagusa ufunguo, injini ikazima yenyewe.

Hakuna aliyejali. Tulikula. Mama alilizunguka gari kwa fimbo yake, akasifu magurudumu, akakataa kata kata kuchungulia ndani. Kitanda kilikuwa kinaonekana kutoka mlangoni, na mama mkwe hatazami kitanda cha mkwewe. Nilimwonyesha jiko kupitia dirisha la pembeni, naye akatazama huku ameziba jicho moja.

Saa tisa na nusu tukaaga. Mume wangu akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, haikushika. Akarudia. Akarudia mara nyingi hata sauti ikaanza kuwa nzito, betri inachoka.

Hapo ndipo kila mtu pale uani alipoanza kutazama jua.

Kwetu Wajaluo mkwe halali kwa wakwe zake. Hiyo ni kwer, mwiko. Anakuja, anakula, anaondoka. Na huyu hakuja kwa miguu tu. Alikuja na nyumba yake nzima, yenye kitanda chake na shuka zake, akaiweka hatua kumi kutoka mlango wa mama mkwe. Kaka yangu alikuna kichwa.

"Shemeji," alisema taratibu, "hii kitu ikilala hapa, tutasema ni gari au tutasema ni nyumba?"

Sasa, mume wangu ndiye aliyekuwa akisimama siku za kufunga shule, mwaka baada ya mwaka, akiwaambia wazazi waache imani za kizamani. Mzee wa kanisa. Aliwahi kumkaripia mwalimu mkuu mzima kwa kuomba ruhusa ya siku nne kwa sababu ya mwiko. Nilimtazama nione atasema nini.

Aliruka kutoka kwenye usukani kama aliyekalia siafu.

"Ni gari," alisema. "Lakini tusibishane. Mimi ninakwenda Oyugis kutafuta fundi."

Mama yangu, ambaye hajawahi kuingia darasani na aliyeshika miko yote ya ukoo tangu ujana wake, ndiye aliyejaribu kumtuliza. Aliongea akiwa amegeuka upande, kama inavyostahili.

"Mwambieni asihangaike. Jua likizama mimi nitakwenda kulala kwa mke mwenzangu. Hapa patakuwa si kwa mama mkwe, patakuwa uwanja tu."

"Maro, mama mkwe wangu, asante sana, hapana," mume wangu alisema, tayari amepanda nyuma ya baiskeli ya boda boda iliyokuwa langoni. Akanikabidhi kitabu. "Endelea kusoma ukurasa wa arobaini na saba. Usiguse kitu."

Nilifungua ukurasa wa arobaini na saba. Ulikuwa na picha ya filta na maneno marefu kuliko samaki wetu. Nikakifunga, nikakiweka juu ya kiti, nikaomba gunia.

Kwanza nilimwaga maji ya kikombe cha kioo. Yalitoka nusu kopo, rangi ya chai. Kisha nikalegeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta, nikaanza kubonyeza pampu ya mkono. Kwa kawaida yanatoka mapovu, yanapungua, halafu inatoka dizeli tupu na unafunga. Haya hayakupungua. Nilibonyeza hadi kidole gumba kikafa ganzi, na mapovu bado yanakuja, na nilipopapasa shingo ya filta mpya, pale inapokutana na kichwa chake, mkono ulitoka umelowa.

Nikaifungua. Filta yoyote mpya inakuja na ringi yake ya mpira ya kuziba. Ya kuukuu inapaswa kutoka na filta kuukuu. Nilipitisha kidole kwenye kichwa, na kidole kikakwama kwenye ringi nyeusi, ngumu, imeganda palepale. Mume wangu alikuwa ameinua filta juu ili umati uione, akapigiwa makofi, akafunga ringi juu ya ringi. Katikati ya hizo mbili hewa ilikuwa inapita kama kwenye lango la soko.

Nilicheka peke yangu chini ya gari. Mama akainama na fimbo yake.

"Umepata?"

"Nimepata, Mama."

"Cha baba yako kilikuwa kikifanya hivyo hivyo. Ulikuwa unakitukana."

"Niliacha kutukana nilipookoka."

"Basi kitukane kimoyomoyo, jua linakwenda."

Niling'oa ringi kuukuu kwa kisu cha mboga, nikafuta kichwa cha filta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kwenye jerikeni letu la akiba kulikuwa na dizeli ya Migori, ile ya pipa. Mama akaleta kitambaa chake cha kuchujia maziwa, bila kuombwa, na tukaichuja humo. Kilichobaki juu ya kitambaa sipendi kukieleza; kulikuwa na bawa la mdudu. Nikaijaza filta, nikapaka ringi mpya dizeli kwa kidole, nikafunga kwa nguvu ya mkono tu. Nikabonyeza pampu. Mapovu, mapovu, mapovu machache, kisha dizeli safi bila povu hata moja. Nikakaza skrubu.

Betri sasa. Nilizungusha ufunguo na injini ikaguna mara moja, ikanyamaza. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa la kaka yangu.

"Tulisukume," kaka alisema. "Mteremko upo. Nani anaendesha?"

Yeye alijua baiskeli. Majirani waliokusanyika walijua ng'ombe wa kulima. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa na dizeli hadi kwenye viwiko na kwa hiyo nilionekana kama mtu anayejua.

Sijawahi kuendesha gari maishani. Nilikuwa nimekaa kando ya dereva tu, nikimwangalia mume wangu miguu. Nilipanda. Nilikanyaga klachi, nikaweka gia ya pili, kwa sababu ndivyo nilivyowaona madereva wa lori wakifanya betri zikiwafia. Nikamwambia kaka asukume na asiache. Wanaume wanane wakaweka mabega nyuma ya kitanda changu cha ndoa. Mama akasimama kando akiwa ametazama pembeni, maana mlango ulikuwa wazi.

Nyumba ikatambaa. Ikapata kasi. Sufuria zikaanza kugongana kabatini. Lango lilikuwa mbele yangu, na ingawa lilikuwa limekatwa lipanuke, lilinijia dogo kama tundu la sindano. Nikaachia klachi. Gari likashtuka, likaguna, likatikisika lote kana kwamba linapiga chafya, kisha injini ikashika na kunguruma. Nyuma wakashangilia. Mimi sikushangilia. Nilikuwa nimegundua kwamba najua kuliwasha lakini sijui kulisimamisha.

Nilipita lango. Kioo cha pembeni hakikupita. Kilibaki kwenye minyaa. Nikaingia barabarani, nikakanyaga pedali zote nilizoziona, na nyumba ikasimama ikiwa imepinda nusu njia, injini bado inazunguka. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili na nikakaa palepale.

Robo saa hivi baadaye nikaona baiskeli mbili zikija kutoka Oyugis. Ya kwanza ilimbeba mume wangu. Ya pili ilimbeba fundi, mtu mnene aliyepakata nyundo peke yake, hana spana hata moja. Mume wangu aliitazama nyumba yake barabarani, akatazama lango, akatazama kioo kwenye minyaa, akanitazama mimi kwenye kiti chake.

"Nani amelitoa?"

"Limetoka lenyewe, shemeji," kaka yangu alisema. "Limeona aibu."

Fundi alitega sikio kwenye injini, akainama, akapapasa filta. Alikaa kitambo. Alipoinuka alisema hakuna kazi hapa, na yeyote aliyetoa hewa hii ameanza kazi hii zamani. Akaomba nauli ya baiskeli ya kurudi. Mimi nikampa mume wangu ringi kuukuu mkononi. Aliigeuza-geuza. Nilimwona akikumbuka umati wa Homa Bay, na mhubiri.

"Hii," alisema hatimaye, "kwenye kitabu haimo."

"Labda imo ukurasa wa arobaini na nane, Mwalimu."

Tulilala Oyugis, kwenye uwanja wa kanisa. Tulipomaliza chai akauliza nilijifunzia wapi. Nikamweleza habari za kinu, debe za akina mama, foleni, miaka yote hiyo. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Akafikiri. "Na mimi nilikuwa nakufundisha."

"Ulikuwa unafundisha vizuri," nikasema, na ilikuwa kweli. Kijerumani chake kilikuwa kimenoga.

Wiki iliyofuata alinipeleka Migori mjini, kwenye shule ya udereva yenye chumba kimoja juu ya duka la Mwarabu wa vitambaa. Alikuwa amevaa koti. Karani alinijazia kadi: umri, makao, hali ya ndoa. Alipofika kwenye kazi aliandika bila kuuliza, na mume wangu akaweka kidole kwenye kadi.

"Umeandika nini hapo?"

"Mama wa nyumbani, mzee."

"Futa. Andika fundi."

Karani alinitazama, kilemba changu, pochi yangu ya kwenda kanisani. Akafuta. Akaandika. Mume wangu akatikisa kichwa kuridhika, akatazama dirishani, akaanza kumwuliza mwalimu wa udereva kama ana andalio la somo.

Kadi ile ninayo mpaka sasa. Niliisoma tulipokuwa tunashuka ngazi. Karani alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri sana: fundi cherehani.

Sikumwonyesha Mwalimu.